Gari la nyumbani haliwaki baada ya wezi kulijaribu: uliza haya kabla hujatuma hela

Ndugu zetu mlioko Maskati, Doha, Riyadh na kwingineko, wengi wetu tumenunua gari dogo la biashara nyumbani. Anaendesha kaka au shemeji, hesabu inaletwa kila wiki. Halafu asubuhi moja ujumbe unaingia: wezi wamevunja, wamekimbia, lakini gari haliwaki. Fundi kasema swichi yote na kompyuta vimeungua, tuma hela. Ukikurupuka, mshahara wa miezi miwili unaweza kuishia kwenye tatizo la fyuzi moja. Tujifunze kujua kilichoharibika tukiwa mbali.

Kwanza, ushahidi

Kabla fundi hajagusa kitu, apige picha mlango, usukani na waya zilizovutwa. Aende polisi apewe namba ya taarifa: Tanzania ni RB, Kenya ni OB. Kama una bima kubwa, ijulishe kampuni kabla ya matengenezo. Bima ndogo hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe.

Pili, ielewe swichi

Swichi ya gari la ufunguo ina sehemu mbili. Mbele kuna silinda, yaani tundu la ufunguo, pamoja na kufuli ya usukani. Nyuma yake kuna swichi ya umeme yenye waya. Mwizi hulazimisha tundu kwa bisibisi, au huvuta waya aziunganishe mwenyewe. Sehemu moja ikifa, si lazima ununue zote.

Tatu, piga simu ya video, ajaribu mbele yako

1. *Ufunguo hauzunguki.* Atikise usukani kushoto na kulia huku akizungusha ufunguo taratibu. Huenda kufuli ya usukani imebana tu. Ikishindikana, silinda imeumia.

2. *Ufunguo unazunguka, dashibodi giza.* Apige honi na awashe taa kubwa. Vyote vikiwa kimya, aanze na betri: huenda imeisha, au vichwa vyake vimelegea. Vikifanya kazi, akague fyuzi. Waya uliochunwa ukigusa bodi, fyuzi huungua, na fyuzi ni kitu cha bei ndogo sana. Ikiungua tena, waya bado unagusa mahali. Asiweke fyuzi kubwa zaidi, gari litashika moto.

3. *Dashibodi inawaka, starta haizunguki.* Akisikia tik-tik-tik, mara nyingi ni betri dhaifu. Kukiwa kimya kabisa na gari ni la otomatiki, ahakikishe gia iko P au N. Baada ya hapo ndipo fundi apime waya wa starta nyuma ya swichi.

4. *Starta inazunguka vizuri, injini haishiki, au inashika na kuzima papo hapo.* Kama ufunguo una chipu, aangalie taa ndogo ya ulinzi kwenye dashibodi. Ikiendelea kumetameta ufunguo ukiwa ON, gari halijautambua ufunguo. Chipu husomwa na pete ya waya inayozunguka tundu la ufunguo, na mwizi akipiga bisibisi pale huivunja kirahisi. Kumbe kompyuta inaweza kuwa nzima! Pete ikaguliwe kwanza.

Usalama usiuzwe

Hata likiwaka, gari lisiingie barabarani mpaka kufuli ya usukani ikaguliwe. Kipande kilichovunjika kinaweza kuufunga usukani gari likiwa kwenye mwendo. Na fundi akitaka kufungua kava la usukani, achomoe kwanza waya hasi wa betri. Waya za airbag, ambazo kwa kawaida zina soketi za njano, zisichezewe.

Sasa hela

Omba mchanganuo: kifaa bei gani, ufundi bei gani. Ukiweza, lipa dukani moja kwa moja kwa lipa namba au till, risiti itumwe kwa picha. Kifaa cha zamani kibaki nyumbani. Ukibadilisha silinda nzima, ufunguo mpya hautafungua milango, na gari lenye chipu halitawaka mpaka chipu ya zamani ihamishwe au mpya isajiliwe. Gharama hiyo iulizwe mapema, isije kuwa ombi la pili wiki ijayo.

Muulize ndugu yako kwa upole. Mara nyingi hadanganyi, anarudia tu alichoambiwa na fundi, na yeye pia hana hesabu ya kuleta mpaka gari litembee. Mtumie orodha hii, ajaribu hatua kwa hatua. Gari likipona, tenga kiasi kidogo kwa chuma cha kufungia usukani na swichi ya siri ya kukata umeme. Ni nafuu kuliko kurudia zoezi hili.