Viatu Vilivyoamsha Burma

Wanachama wenzangu, mimi nilidhani siasa huanzia bungeni. Kumbe wapi! Mwaka 1906, vijana wasomi mjini Rangoon waliunda Chama cha Vijana Wabuddha, wakiiga mtindo wa chama cha vijana Wakristo. Mwanzoni shughuli zao zilikuwa dini, elimu na mijadala tu, kama sisi hapa. Lakini Wazungu walikuwa wakiingia mahekalu na viatu miguuni, ilhali Mburma huvua. Vijana wakasema, hapana! Mwaka 1919 serikali ya Mwingereza ikakubali wakuu wa hekalu waamue wenyewe. Mwaka 1920 chama kikageuka baraza la siasa. Uhuru ukapatikana 1948. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende. Jamani, tusiidharau mijadala yetu!