Mutobe wa Moto kwa Wageni wa Usiku

Wasiopata kufika Goma aghalabu hudhani kwamba mji uliokaa karibu hivi na Ikweta, usiofikia hata digrii 2 kusini yake, hauna haja ya kinywaji cha kuupasha mwili. Lakini mji wetu umejengwa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Kivu liko miguuni pake na Nyiragongo kichwani, na katika miezi ya mvua, mvua ya alasiri ikiisha kunyesha, upepo hushuka kutoka mlimani ukapita juu ya mawe meusi ya volkeno hata mtu mzima akakumbuka koti aliloliacha nyumbani. Jamaa zetu wa Masisi na wa Lubero, ambao makao yao yako juu kuliko yetu na baridi yao ni baridi kwelikweli, hutucheka wakitusikia tunalalamika, nasi hatuna hoja ya kuwajibu.

Baridi hii hutukuta nje, kwa maana desturi zetu nyingi ni za kukesha: mkesha wa harusi, mkesha wa kumaliza masomo, na zaidi ya yote usiku wa Bonana, watu waungojapo mwaka mpya wamekaa chini ya turubai juu ya viti vya plastiki, na bia baridi mikononi, ilhali meno yanagongana. Kwa matanga sina shauri jingine ila chai ya tangawisi, maana msiba una adabu yake. Bali kwa mikusanyiko ya furaha nimezoea, tangu miaka kadhaa, kuwapikia wageni mutobe wa moto, yaani maji ya ndizi mbivu yaliyotokoswa na viungo, ambayo kila apendaye hutiliwa kileo kidogo katika kikombe chake mwenyewe. Maneno haya ya mwisho, katika kikombe chake mwenyewe, ndiyo kiini cha makala hii, na nitayarudia mahali pake.

Asili ya fikira hii si ya hapa. Huko Ulaya ya kaskazini na Marekani, majira ya baridi yakiingia, watu huchemsha maji ya tufaha pamoja na mdalasini na karafuu, wakayachanganya na ramu au brandi, wakayanywa yangali yanafuka moshi. Ni kinywaji kizuri, wala sikidharau. Lakini mtufaa ni mti wenye tabia ya nchi za theluji, unaotaka baridi ndefu ya kuulaza kabla haujakubali kuchanua. Huko Kabale, katika milima ya Uganda isiyo mbali nasi, wakulima wamefanikiwa kuupanda kwa kuchagua aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna na Golden Dorset, na kwa kuyapukutisha majani yake kwa mikono ili mti udhani kwamba majira yamebadilika; ni kazi ya subira inayostahili sifa. Lakini matufaha tuyaonayo katika masoko ya Goma aghalabu yametoka mbali, huuzwa moja moja kama vitu vya tunu, na mtu atakayekamua kapu zima ili apate lita chache za kuchemsha ataupata utamu wake kwa hasara. Kuna haja gani ya kuyafuata matufaha ilhali kando ya ziwa hili, toka Minova hata kisiwa cha Idjwi, na huko Rutshuru na Masisi, migomba imeenea kila mteremko?

Mutobe ndio maji ambayo, yakiachwa yachache, huwa kasiksi. Ndizi zake si zile za kupika wala zile za kula baada ya chakula, bali ni ndizi za pombe, ambazo zikiwa mbichi hukausha kinywa kwa ukakasi. Hukatwa zimekomaa, zikafukiwa katika shimo lililopashwa moto na kufunikwa kwa majani ya mgomba, zikaiva pamoja kwa muda wa siku chache. Kisha humenywa, zikatiwa katika mtumbwi wa mbao na kukandwa pamoja na nyasi kali, kwa mikono au kwa miguu, mpaka maji yajitenge. Nyasi hizo ndizo hekima yote ya kazi hii, kwa kuwa rojo la ndizi hunaswa ndani yake, maji yakatoka mepesi na safi, jambo ambalo mashine ya kusagia matunda jikoni hailiwezi: itakupa uji wa ndizi, haitakupa mutobe. Atakaye kasiksi huongeza hapo unga wa mtama uliokaangwa, akafunika chombo mahali penye joto, na baada ya siku mbili tatu pombe iko tayari.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisiipashe moto hiyo kasiksi yenyewe, maadamu ina kileo tayari. Sababu ni kwamba kasiksi ikipata moto huutoa ukali wa uchachu wake na masalio ya unga wake, kileo chake kikapaa pamoja na mvuke, ukabaki na kitu kama uji uliochacha. Kasiksi ni pombe ya heshima, na heshima yake ni kunywewa ilivyo, katika kibuyu au bilauri, bila kuguswa na moto.

Basi anza kwa kununua mutobe, na ununue asubuhi ya siku ile ile ya karamu. Mutobe haukai: chachu iliyomo hewani na katika maganda huanza kazi yake mara, na kufika jioni chupa iliyofungwa sana huweza kupasuka. Muuzaji mwema hataudhika ukimwuliza.

“Mama, mutobe ni ya leo?”

“Ni ya leo asubui, papa. Onja kwanza, njo utaniambia.”

Onja kweli. Mutobe mpya ni mtamu moja kwa moja, na mwisho wake una ukakasi kidogo. Ukisikia kuwashwa kwa mapovu kwenye ulimi, jua kwamba safari ya kuelekea kasiksi imekwisha kuanza, nao utafaa kwa matumizi mengine.

Kwa wageni ishirini na ziada kidogo mimi hutumia lita 5 za mutobe na lita 1 ya maji, kwani bila maji utamu wake hulemea. Viungo ni tangawisi mbichi gramu 200, iliyooshwa na kupondwa kinuni bila kumenywa. Vijiti 5 vya mdalasini. Punje 10 za iliki zilizopasuliwa. Punje 15 za karafuu, wala zisizidi, kwa maana karafuu njema ya Pemba haijui kukaa pamoja na wenziwe ikipewa nafasi. Na maganda ya machungwa 2, yaliyobanduliwa kwa kisu kikali bila ule weupe wa ndani, ambao ni mchungu. Tangawisi ya unga siitaki, kwa kuwa hutuama chini ya kikombe kama tope. Mwenye kupata kipande cha vanila, ambayo hulimwa upande wa Beni, na akitie, lakini kinywaji hakitavunjika kwa kukikosa. Sukari sitii hata chembe.

Kilichobaki ni ndimu, na hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa kuwa wengi waliojaribu mapishi haya wakayalaumu waliyalaumu kwa sababu ya kuiacha. Maji ya tufaha yana uchachu wa asili unaouzuia utamu usichoshe. Maji ya ndizi mbivu ni matamu lakini uchachu wake ni haba, na yakipata moto huwa kama yamelala. Ndimu 4 zilizokamuliwa, au marakuja sita zilizochujwa mbegu, huyaamsha. Uchachu huu hutiwa mwishoni, sufuria ikiisha kuepuliwa, ili harufu yake isipotee.

Tumia sufuria kubwa yenye kitako kizito, uiweke juu ya mbabula, yaani jiko la makala, nje ya nyumba. Mutobe ukianza kupata joto hutoa povu la rangi ya kahawia. Liengue kwa upawa mpaka likome, kazi ya dakika kumi hivi, na hapo ndipo utie viungo, kwa maana ukivitia mapema utaviengua pamoja na povu. Ukiisha kutokota, punguza makala, uuache kwa moto mdogo kwa nusu saa au zaidi kidogo. Nasema zaidi kidogo kwa sababu katika urefu wa mji huu maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100 kama huko Mombasa au Unguja, na magome ya mdalasini hayatoi siri yao upesi. Kisha chuja kwa kitambaa safi, rudisha katika sufuria, tia ndimu, na uiweke juu ya mbabula yenye makala machache yaliyofunikwa jivu, ili kinywaji kibaki moto bila kuchemka tena. Ukiubakiza, usiulaze ndani ya alumini, kwa sababu ya ndimu. Uhamishie katika chupa ya chai.

Mintarafu ya mbabula, mvua ikianza kunyesha nafsi hushawishika kuiingiza chumbani ambamo wageni wamekimbilia. Haifai hata kidogo. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Na sisi wa Goma tuna jambo la ziada la kuangalia, yaani mazuku, ile kaboni dayoksaidi itokayo ardhini katika sehemu kadhaa za magharibi ya mji, karibu na ziwa, ambayo kwa uzito wake hutuama katika mabonde na mashimo, hasa usiku usio na upepo. Mwenye uwanja uliobonyea asiwakalishe wageni pale chini, hata kama pamekingika upepo. Awakalishe juu, penye hewa.

Sasa kileo. Kaida ya wengi ni kumimina chupa nzima katika sufuria, wakakoroga, wakaiacha juu ya moto. Nami naipinga kaida hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya jikoni: kileo huchemka kwenye nyuzijoto 78 hata katika usawa wa bahari, hivyo katika sufuria inayotokota huondoka mapema pamoja na mvuke, na wageni wa mwisho hunywa harufu ya ramu badala ya ramu. Ya pili ni ya adabu, na kwangu ndiyo kubwa. Katika uwanja mmoja wa Goma utawakuta Mwislamu wa Birere, Muadventista, Mbaptisti wa CBCA, Mkatoliki asiye na neno na bia yake, mama mjamzito, watoto, na kijana atakayewarudisha watu kwa pikipiki. Na mwenye nyumba akiisha kutia kileo katika sufuria, nusu ya wageni hao amewanyima kinywaji cha moto, akawaacha na soda baridi katika usiku wa baridi. Sufuria isiyo na kileo ni ya watu wote. Kileo kikae katika chupa, kando, na mwenye nyumba amtilie kila atakaye, kwa kipimo, mbele ya macho yake.

Kipimo changu ni mililita 30, yaani vijiko 2 vya mezani, kwa kikombe cha mililita 200. Chupa ya mililita 750 hutosha vikombe 25, na kwa kileo cha asilimia 40 kikombe hicho huwa na nguvu inayokaribia bia ya kawaida, hivyo mgeni ajua anywacho. Ramu ya kahawia ndiyo ipatanayo na ndizi kuliko vyote, brandi hufaa, Waragi ya Uganda ya chupa nayo yafaa kwa wapendao ukali mkavu. Whiski naiona ni israfu, maana moshi wake na karafuu havisikilizani.

Lakini kanyanga na lotoko, pombe kali za kienyeji, nisizojua zilipotoka sizitii, wala sizikubali mgeni akija nazo kama hidaya. Najua kwamba ni rahisi, na kwamba wako waishio kwa kuzitengeneza. Ila ndani ya kileo kisichopimwa yaweza kuwamo methanoli, ambayo ulimi hauitambui, nayo hupofusha macho na kuua. Mwezi wa Aprili mwaka 2010, huko huko Kabale nilikotaja kwa sifa za matufaha, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyochanganyika na methanoli. Na kinywaji chetu hiki ni hatari zaidi kwa jambo hilo kuliko vingine, kwa sababu joto, tangawisi na mdalasini hufunika kila harufu mbaya ambayo katika bilauri tupu ingemshtua mnywaji.

Vikombe viwe vya udongo au vya chuma chenye rangi, si vya plastiki nyembamba vinavyolegea kwa moto. Pembeni weka karanga za kukaanga, au jibini ya Masisi iliyokatwa vipande vidogo, ambayo chumvi yake hupatana na utamu wa ndizi kwa namna itakayowashangaza wasiopata kuijaribu. Vikombe viwili kwa mtu mmoja vyatosha usiku kucha. Akiomba cha tatu, mpe cha sufuria bila kileo. Na yule kijana wa pikipiki, ambaye barabara za mawe zinamngoja gizani na watu nyuma yake, umtilie wa kwanza, ungali moto kabisa, kutoka katika sufuria tu, wala usione haya kumwambia sababu.