Kura ni amana: waumini tuilinde vipi?

Kwa mujibu wa Katiba, Wakenya watapiga kura Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Mkufunzi wa elimu ya uraia anayefundisha makanisani na misikitini anajibu maswali ya waumini.

Swali: Kiongozi wetu wa dini akitutajia mgombea wa kuchagua, si anatuongoza?

Hapana. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia uhuru wa kuchagua mwenyewe. Kazi ya mimbari ni kuhakikisha muumini anafika kwenye sanduku akiwa huru na kura yake inahesabiwa. Wala mimbari si jukwaa la kampeni: mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia waumini ibadani.

Swali: Tuanzie wapi?

Anzeni na kitambulisho. Baada ya ibada wekeni meza mlangoni, mwandike majina ya vijana waliotimiza miaka 18 na ya waliohamia mtaani kwenu lakini bado wamesajiliwa kupiga kura kwao. Kisha wasindikizeni kwa chifu na kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC. Kijana aliyekwenda peke yake akaambiwa “njoo kesho” mara tatu hukata tamaa. Akiandamana na imamu au mzee wa kanisa, hupata moyo wa kurudi. Na anayetaka kununua kitambulisho chako anataka ubaki nyumbani siku ya kura. Usimpe.

Swali: Nyanya yangu haoni vizuri. Atapigaje kura?

Ana haki ya kuchagua msaidizi anayemwamini, aliyetimiza miaka 18. Msaidizi huapa mbele ya msimamizi wa kituo kwamba atatunza siri, na humsaidia mpiga kura mmoja tu. Kwa hiyo wazee kumi wanahitaji wasaidizi kumi. Wapangeni mapema, na usafiri pia. Mkichelewa msirudi nyumbani: aliye kwenye foleni saa kumi na moja jioni bado ana haki ya kupiga kura.

Swali: Tukishapiga kura, si kazi yetu imekwisha?

Bado. Mnajua sadaka inavyohesabiwa: inamwagwa mezani, watu wawili watatu wanahesabu, jumla inaandikwa, inatiwa sahihi, kisha inasomewa waumini. Kwa kura za urais, jumla hiyo ni Fomu 34A, ambayo nakala yake hubandikwa kituoni. Ipigeni picha. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229, na fomu ziliwekwa kwenye tovuti ya IEBC. Mwenye picha ya kituo chake aliweza kulinganisha tarakimu kwa tarakimu. Na si jambo geni kwa watu wa dini kulinda kura: huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maaskofu Wakatoliki walituma waangalizi wapatao 40,000 katika uchaguzi wa Desemba 2018.

Swali: Hatutaonekana tunachochea fujo?

Fujo hulishwa na uvumi, na aliyeiona fomu kwa macho yake hadanganyiki upesi. Lakini msilinde kura za upande wenu pekee. Yupo mwenzenu mnayekaa naye benchi moja, au mnayesimama naye safu moja, na mnajua fika hatamchagua mtu wenu. Asubuhi hiyo mpitieni nyumbani, mwende naye kituoni. Amana hulindwa hata ikiwa ya mwingine.