Barabara, Zahanati na Bajeti: Mkazi wa Soy Apeleke Ombi Lake Wapi?

Mvua za Aprili zinapoanza, malalamiko yanayosikika katika Kaunti Ndogo ya Soy huwa ya aina moja: trekta limekwama, gari la maziwa limegeuzia njiani, kalavati limesombwa na maji. Malalamiko hayo ni ya haki. Shida ni kwamba mengine hupelekwa kwa ofisi ambayo kisheria haina uwezo wa kuyatatua, na mengine hufika katika ofisi inayofaa wakati bajeti imeshafungwa. Kwa vyovyote vile, mkazi hupoteza msimu mzima, na wakati mwingine mwaka.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliweka ngazi mbili za serikali, ya kitaifa na ya kaunti. Serikali 47 za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Kifungu cha 6 kinasema ngazi hizi mbili ni tofauti lakini zinategemeana na zinapaswa kushauriana. Kwa maneno mengine, gavana si mfanyakazi wa serikali ya kitaifa, wala kaunti haiwezi kuamuru idara ya kitaifa ifanye jambo fulani. Kazi ya kila upande imeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba. Sehemu ya pili ya jedwali hilo inaorodhesha kazi 14 za kaunti, na ukurasa huo mmoja unafaa kusomwa na kila anayehudhuria baraza.

Tuanze na barabara, kwa kuwa ndizo zinazozua ubishi mwingi zaidi. Barabara kuu ya Eldoret kwenda Kitale, inayopita Soy hadi Moi's Bridge, ni ya serikali ya kitaifa na inasimamiwa na Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Shimo likitokea hapo, greda la kaunti haliwezi kutumwa kulifukia, hata kama liko umbali wa kutupa jiwe. Kuna pia barabara zinazosimamiwa na Mamlaka ya Barabara za Mashambani, KeRRA, ambayo nayo ni ya kitaifa. Barabara zinazobaki, zile zinazoingia vijijini, zinazofika shuleni, sokoni na kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, ndizo za kaunti.

Kwa mkazi aliyesimama kwenye matope, barabara ni barabara. Hakuna kibao kinachomwambia hii ni ya nani. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza msimamizi wa wadi linapaswa kuwa, "Barabara hii iko chini ya nani?" kabla ya "Mtaitengeneza lini?" Ofisi ya wadi ina wajibu wa kujibu swali hilo. Afisa anayejibu "hiyo si yetu" bila kusema ni ya nani hajamaliza kazi yake.

Pesa za barabara nazo zina historia yake. Kila anayenunua lita moja ya petroli au dizeli hulipa ushuru wa matengenezo ya barabara, ambao tangu Julai 2024 umekuwa shilingi 25 kwa lita. Magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani kuhusu sehemu ya fedha hizo inayostahili kwenda kwa kaunti. Mvutano huo si hoja ya wanasiasa peke yao, kwa maana mfuko unaobishaniwa ndio unaonunua maramu.

Kilimo ni kazi ya kaunti, lakini si chote. Sera ya kilimo ni ya serikali ya kitaifa. Ushauri wa mashambani, chanjo za mifugo, udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama, masoko ya mifugo na machinjio ni vya kaunti. Kwa hiyo mkulima wa Kipsomba anayeona majani ya mahindi yametobolewa na viwavijeshi vamizi, wadudu walioripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2017, anapaswa kumtafuta afisa wa kilimo wa wadi. Ng'ombe akianza kutokwa na mate mengi na kuchechemea, anayeitwa ni daktari wa mifugo wa kaunti, tena mapema, kwa sababu ugonjwa wa miguu na midomo hausubiri. Soy inapakana na Trans Nzoia na Kakamega, na mifugo huvuka mipaka hiyo kuelekea minadani. Kibali cha kusafirisha mifugo, ambacho wengi hukiona kama usumbufu wa bure, kipo ili ugonjwa ulioanzia zizi moja usifike kaunti ya tatu kwa siku mbili.

Ghala la mahindi la Moi's Bridge, kwa upande mwingine, ni la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, NCPB. Bei ambayo bodi hiyo inanunulia gunia hupangwa na serikali ya kitaifa. Mbolea ya ruzuku vilevile ni mpango wa serikali ya kitaifa, hata pale kaunti na vyama vya ushirika vinaposaidia kuifikisha karibu na mkulima. Mkulima ambaye jina lake halipo kwenye sajili hupaswa kuanzia kwa chifu. Jambo moja lisilotegemea serikali yoyote ni unyevu: mahindi yanayozidi asilimia 13.5 hukataliwa ghalani, na yakihifadhiwa hivyo nyumbani huota ukungu unaoweza kuleta sumu ya aflatoksini.

Katika afya mgawanyo ni wazi zaidi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya nne na ya tano ni za kaunti, pamoja na wauguzi na madaktari wake, dawa zake na ambulansi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret ni ya ngazi ya sita, na hiyo ni ya serikali ya kitaifa. Wengi huamini kwamba kwa kuwa iko mjini Eldoret basi gavana ndiye anayeiendesha, sivyo. Bima ya afya chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ni ya kitaifa pia. Mgonjwa wa Ziwa anayekosa dawa katika hospitali ya kaunti ndogo analalamika kwa kaunti. Akiambiwa kwamba malipo yake ya bima hayaonekani kwenye mtambo, hilo ni la SHA. Tangu sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za vituo vya afya, pesa ambazo kituo cha umma kinakusanya hubaki kituoni kukiboresha. Kwa hiyo kamati ya kituo ina mengi ya kuulizwa.

Elimu huwachanganya wazazi kila Januari. Kaunti husimamia shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi, sekondari msingi, sekondari na walimu wao wako chini ya Wizara ya Elimu na Tume ya Huduma za Walimu. Basari nazo hutoka mifuko mbalimbali: kuna ya kaunti na kuna ya NG-CDF inayohusishwa na ofisi ya mbunge. Mzazi aliyekosa upande mmoja asidhani amekosa kote, wala asimlaumu mwakilishi wadi kwa fomu ambayo haikupita mezani pake.

Mengine kwa ufupi. Maji na usafi, taka, masoko, leseni za biashara na za baa, vyama vya ushirika, makaburi, zimamoto na ramani za ardhi ni vya kaunti. Polisi, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, mahakama na hatimiliki ya shamba ni vya serikali ya kitaifa. Taa za barabarani ni za kaunti. Umeme ukipotea nyumbani, hiyo ni Kenya Power.

Watu pia huchanganyikiwa kuhusu maafisa wenyewe. Chifu na naibu wa chifu ni wa serikali ya kitaifa. Msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi na msimamizi wa kijiji ni wa kaunti, na ofisi zao zimetajwa katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Mwakilishi wadi ni mwanasiasa aliyechaguliwa kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuichunguza serikali ya kaunti. Sheria hiyo, katika kifungu cha 9, inamkataza kujihusisha na kazi za utendaji kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Soy ina wadi saba, yaani Moi's Bridge, Kapkures, Ziwa, Segero/Barsombe, Kipsomba, Soy na Kuinet/Kapsuswa, na katika zote ni kawaida kusikia mwakilishi akiulizwa, "Greda linakuja lini?" Swali hilo linamfaa zaidi msimamizi wa wadi na idara ya barabara. La kumuuliza mwakilishi ni hili: je, barabara yetu umeitetea katika bajeti?

Hapo ndipo kalenda inapoingia, na hapa mkazi apunguze mwendo asome vizuri.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Lakini bajeti ya mwaka huo haianzi kuandikwa Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ufikishwe katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, takriban miezi kumi kabla ya pesa zenyewe kuanza kutumika. Waraka wa mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na hapo viwango vya kila idara huwekwa. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Juu ya yote hayo upo mpango wa miaka mitano, ambao kwa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 104, inakataza pesa za umma kutengewa jambo lililo nje ya mipango.

Maana yake ni rahisi. Anayetaka kalavati lijengwe Julai mwaka ujao anapaswa kulisema kabla ya Septemba mwaka huu. Anayesubiri mkutano wa Mei, wakati makadirio yapo tayari mbele ya wawakilishi, anaweza kusikilizwa kwa heshima zote na bado asipate kitu, kwa kuwa kuingiza mradi mpya wakati huo ni kuondoa wa kijiji kingine. Ipo bajeti ya ziada, na yapo matengenezo ya dharura, lakini hayo si ya kutegemewa.

Pesa zenyewe si nyingi kama inavyodhaniwa. Mgao wa kaunti zote 47 kutoka kwa hazina ya taifa katika mwaka wa fedha wa 2025/26 ni shilingi bilioni 415, na kati ya hizo Uasin Gishu hupata fungu lake tu, ambalo hulipa pia mishahara. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kinachobaki hugawanywa kati ya barabara, maji, madarasa ya chekechea na wadi 30 za kaunti nzima.

Kwa sababu hiyo maoni yenye uzito katika mkutano wa umma ni yale yenye maelezo. "Barabara zetu ni mbaya" huandikwa na kusahaulika. Lakini wakazi wakisema barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, ni zahanati gani au shule gani inayoitumia, maziwa ya boma ngapi humwagwa gari lisipofika, na ni sehemu ipi ya mita chache inayohitaji kalavati, afisa wa mipango anakuwa na jambo la kuandika. Maoni hayo yaletwe kwa maandishi, yatiwe sahihi na wakazi, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibaki kijijini. Wasiofika mkutanoni wanaweza kuyawasilisha kwa ofisi ya wadi.

Ombi likipuuzwa, kuna njia mbili zisizohitaji wakili. Ya kwanza ni kulalamika rasmi kwa maandishi mbele ya Bunge la Kaunti, haki iliyo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Kifungu cha 89 nacho kinazipa ofisi za kaunti wajibu wa kujibu malalamiko ya wananchi bila kuchelewa. Ya pili ni kuomba habari: mkandarasi ni nani, alipewa kiasi gani, kazi ilipaswa kuisha lini. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi hilo liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Siku hizo zikipita kimya, mkazi hupeleka nakala ya ombi lake kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman.