Hatari ya Kifo Baada ya Upasuaji wa Baipasi ya Moyo: Maswali na Majibu kwa Wasomaji wa Migori na Homa Bay

Mgonjwa wa Migori au Homa Bay anayeelezwa kwamba mishipa ya moyo wake imeziba na kwamba anahitaji kupasuliwa huelezwa pia, mara nyingi mbele ya jamaa zake, asilimia inayokadiria uwezekano wa kufariki kwa sababu ya upasuaji huo. Asilimia hiyo huwatia wengine hofu kiasi cha kukataa matibabu, na wengine huipokea kama ahadi ya kupona, ilhali haikukusudiwa kuwa hukumu wala ahadi. Majibu yafuatayo yanaeleza inakopatikana, inavyosomwa, na mambo ya ukanda wa Ziwa ambayo haiyaoni.

Upasuaji wa baipasi ni nini, na kwa nini hatari yake hukadiriwa mapema?

Baipasi ni upasuaji ambao mshipa wa damu unaotolewa kifuani, mguuni au mkononi mwa mgonjwa hushonwa kwenye ateri ya moyo, yaani mshipa unaoulisha msuli wa moyo wenyewe, ili damu ipite kando ya sehemu iliyoziba. Daktari René Favaloro, raia wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland nchini Marekani, ndiye aliyeueneza kuanzia mwaka 1967 kwa kutumia mshipa wa mguu. Ingawa katika hospitali zenye uzoefu mkubwa wengi hupona, na nchini Marekani wanaofariki baada ya baipasi pekee ni kati ya 2 na 3 katika kila 100, wastani huo unawachanganya watu wasiofanana: mwanamume wa miaka 50 mwenye figo nzima hayuko katika hali moja na mzee wa miaka 78 ambaye moyo wake umekwisha kudhoofika. Ndiyo sababu ya kukadiria hatari ya kila aina ya mgonjwa kabla ya kisu kushikwa.

Makadirio hayo hufanywaje?

Watafiti hukusanya kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa waliokwisha kupasuliwa, wakatafuta sifa zipi zilionekana zaidi kwa waliofariki, kisha wakaipa kila sifa uzito wake. Kipimo kinachotumika sana ni EuroSCORE, kilichotolewa mwaka 1999 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2012 kwa jina la EuroSCORE II, baada ya kuchunguzwa wagonjwa 22,381 wa hospitali 154 katika nchi 43. Marekani hutumia kipimo cha Chama cha Wapasuaji wa Kifua, STS, ambacho hukadiria kifo na pia kiharusi, kushindwa kwa figo, maambukizi ya kidonda cha kifua na kukaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia.

Kipimo cha mwaka 1999 ndicho rahisi zaidi kueleweka kwa kuwa kilihesabiwa kwa alama. Tuseme mwanamke wa Rongo ana miaka 67, alipata mshtuko wa moyo wiki tatu zilizopita, na moyo wake husukuma nje asilimia 40 ya damu iliyomo katika chemba ya kushoto kwa kila pigo, badala ya zaidi ya asilimia 50. Umri wake ungempa alama 2, jinsia yake 1, mshtuko wa chini ya siku 90 ungempa 2, na udhaifu wa moyo 1, jumla 6. Katika takwimu za awali, wenye alama 0 hadi 2 walifariki chini ya mmoja katika 100, wenye 3 hadi 5 walifariki 3 katika 100, na wenye 6 na zaidi walifariki takriban 11 katika 100, ingawa mwenye alama 6 yuko mwanzoni tu mwa kundi hilo la mwisho. Upasuaji ulipoboreka, kipimo hicho kilianza kutaja hatari kubwa kuliko ile iliyotokea, na hiyo ikawa sababu moja ya kukirekebisha.

Mgonjwa akiambiwa hatari yake ni asilimia 4, aelewe nini?

Aelewe kwamba kati ya watu 100 wanaofanana naye kwa sifa zilizopimwa, takriban 4 walifariki na 96 walinusurika, na kwamba kipimo hakijui yeye ataangukia upande gani. Uwezo wa kipimo kuwatenganisha watu hueleweka hivi: akichukuliwa mgonjwa mmoja aliyefariki na mmoja aliyenusurika, EuroSCORE II ilimpa aliyefariki hatari kubwa zaidi katika takriban jozi 81 kati ya 100. Ni uwezo mzuri, lakini jozi 19 zilizobaki zinatosha kumzuia daktari mwangalifu asiitumie asilimia kama kauli ya mwisho.

Jambo la pili ni maana ya neno kifo ndani ya kipimo. EuroSCORE II ilihesabu vifo vilivyotokea hospitalini alikopasuliwa mgonjwa, ilhali STS huhesabu pia vifo vya siku 30 za mwanzo hata kama mgonjwa alikwisha ruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa mtu anayerudi Mbita au Isebania siku kumi baada ya kupasuliwa, tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu sehemu ya hatari yake inasafiri naye.

Je, vipimo vya Ulaya na Marekani vinawafaa watu wa kaunti hizi?

Vinafaa kwa kuwapanga wagonjwa kutoka mwenye hatari ndogo hadi mwenye hatari kubwa, kwa maana uzee, figo mbovu na moyo dhaifu ni hatari popote. Visichoweza kuhakikisha ni usahihi wa asilimia yenyewe, kwa sababu nchini Kenya upasuaji mwingi wa moyo umekuwa wa vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi na wa kasoro za kuzaliwa, na wagonjwa wa baipasi ni wachache zaidi kuliko wale ambao vipimo hivi vilitengenezwa kwao.

Yapo pia mambo ya ukanda wa Ziwa yasiyoonekana katika EuroSCORE II. La kwanza ni virusi vya ukimwi, VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 kwa watu wazima wa Homa Bay na 13.0 kwa wa Migori, huku wastani wa nchi ukiwa 4.9. VVU huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo takriban mara mbili, lakini mgonjwa ambaye dawa zimekwisha kuvidhibiti virusi hapaswi kunyimwa baipasi kwa sababu hiyo, kwa kuwa matokeo ya muda mfupi ya wagonjwa wa namna yake yamekaribiana na ya wengine.

Dawa zenyewe, hata hivyo, zinaweza kuipotosha hesabu. Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kinachotumiwa na wengi wa wanaoishi na VVU nchini, huzuia njia moja ambayo figo hutumia kutoa kreatinini, taka ya misuli inayopimwa katika damu ili kujua hali ya figo. Kreatinini hupanda kidogo bila figo kuharibika, na kwa kuwa EuroSCORE II hutumia kreatinini kukadiria kasi ya figo kusafisha damu, mtu mwenye figo nzima anaweza kuwekwa katika kundi la wenye figo dhaifu na kupewa hatari isiyo yake. Kwa upande mwingine, tenofoviri, iliyomo katika kidonge hicho hicho, inaweza kweli kuziumiza figo. Daktari wa upasuaji hawezi kuyatenganisha mawili haya asipoandikiwa dawa anazotumia mgonjwa na vipimo vyake vya kreatinini vya miaka iliyotangulia.

La pili ni selimundu, hali ya kurithi ambayo chembe nyekundu za damu hujikunja oksijeni inapopungua, nayo imeenea ukanda wa Ziwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, hasa mwili unapopozwa, inaweza kuchochea hali hiyo, kwa hiyo kipimo cha damu cha kuitambua hufaa kufanywa mapema, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua.

Asilimia kubwa ina maana mgonjwa asipasuliwe?

Hapana, kwa sababu hatari ya kupasuliwa hupimwa dhidi ya hatari ya kutopasuliwa. Utafiti mkubwa uitwao STICH uliwafuatilia wagonjwa ambao mioyo yao ilisukuma asilimia 35 ya damu au chini ya hapo. Katika siku 30 za mwanzo waliopasuliwa walifariki zaidi kuliko waliotibiwa kwa dawa peke yake, lakini baada ya takriban miaka kumi waliokuwa wamefariki walikuwa asilimia 58.9 ya waliopasuliwa na 66.1 ya waliotumia dawa. Aliyekataa kwa kuogopa mwezi wa kwanza angeweza kupoteza miaka iliyofuata. Kadhalika, kusubiri siku 90 zipite baada ya mshtuko ili alama zipungue si busara kwa mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia, kwani anaweza kufariki akisubiri.

Hospitali za kaunti zina nafasi gani, ilhali upasuaji hufanyika mbali?

Baipasi haitafutwi Homa Bay wala Migori mjini. Wagonjwa hupelekwa Nairobi, katika hospitali kama Kenyatta na Aga Khan, au Eldoret katika Hospitali ya Moi, wakati Tenwek, Bomet, iliyo jirani zaidi, inajulikana hasa kwa upasuaji wa vali. Hata hivyo, makadirio huanzia nyumbani, kwa kuwa tarehe ya mshtuko, dawa za kisukari, kreatinini ya miaka ya nyuma, historia ya kifua kikuu na uwezo wa mgonjwa kutembea hujulikana zaidi na kliniki iliyomtunza. Barua ya rufaa yenye maneno "maumivu ya kifua" pekee humlazimu mpokeaji kukisia. Wahudumu wa afya ya jamii nao, ambao tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari, wanaweza kuipunguza hatari kabla haijafika kwenye hesabu.

Ni hatari gani hubaki baada ya kurudi nyumbani?

Mfupa wa kifua huchukua takriban wiki sita hadi nane kuunga, na katika muda huo kubeba mizigo na kupanda bodaboda katika barabara mbovu ni hatari. Hatari kubwa zaidi ni homa: katika eneo la malaria, homa ya mtu aliyepasuliwa kifua hudhaniwa upesi kuwa malaria, na dawa zikatolewa huku usaha ukikusanyika nyuma ya mfupa. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini hata kikionyesha vimelea, kidonda kikaguliwe na hospitali iliyopasua ipigiwe simu siku hiyo hiyo, hasa kama kidonda kinatoa maji au mfupa unalia mgonjwa anapogeuka.

Familia iulize nini kabla ya kukubali?

Iulize kipimo gani kimetumika na kinahesabu vifo hadi lini; hospitali hiyo imefanya baipasi ngapi na wangapi walifariki, ikilinganishwa na waliotarajiwa kufariki; mgonjwa akibaki na dawa pekee hali yake itakuwaje; ni kipi kinachoweza kurekebishwa kabla ya upasuaji, kama vile sukari, sigara au upungufu wa damu; na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani na kipi kitabaki kwa familia. Hospitali inayopasua nayo ina wajibu wa kuandika matokeo ya kila mgonjwa hadi siku ya 30, pamoja na yule aliyerudi kisiwa cha Mfangano, kwa sababu bila kumbukumbu hizo asilimia wanayoelezwa wagonjwa wa Kenya itaendelea kuwa ya watu wengine.