UTUNZAJI WA BOTI ZA FAIBA

Wavuvi, pamoja na watumishi waliokabidhiwa vyombo vya umma, wanakumbushwa kuwa boti ya faiba haitunzwi kama dau. Deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ni ya mbao. Faiba hulindwa na jelikoti, tabaka la nje lisilofikia unene wa milimita 1. Jua hulichakaza tabaka hilo hata likipanguswa kwa kidole huacha unga mweupe.

Chumvi nayo husaidia uharibifu, wala si ya bahari pekee. Ziwa Rukwa, linalopakana na Mkoa wa Songwe, halina mto unaotoka. Madini hubakia humo, na maji yakikaukia ubavuni huacha ukoko.

Kwa hiyo boti ioshwe kila irudipo, kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni laini. Kabla ya msimu, na tena katikati yake, ipakwe nta ikiwa kavu na kivulini, kisha isuguliwe kwa kitambaa. Mafuta ya kupikia, ambayo wengine huyasifu, hunasa vumbi tu.

Msasa uwe wa mwisho. Jelikoti ikiisha, maji hupenya kwenye nyuzi, na boti huzidi uzito. Anayepiga msasa azibe pua na mdomo, kwani vumbi la faiba hudhuru mapafu.