Mlango Ukifunguka Angani, Uache Kwanza

Cessna 172 iliyofungwa mlango nusunusu haikwambii chochote ikiwa chini. Unaipeleka hadi mwanzo wa njia ya kurukia, unapima injini, kila kitu shwari. Pua ikishainuka, hewa inayopita ubavuni inaanza kuuvuta mlango kwenda nje, na komeo lililokuwa limeshika kwa ncha linaachia. Ndiyo maana milango mingi hufunguka katika sekunde zilezile ambazo rubani ana kazi kuliko wakati wowote: kimo kidogo, mwendo mdogo, na kwetu hapa Kisongo, Arusha, zaidi ya futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, jua la saa nane limeshaipasha hewa na ndege inapanda kwa kujikongoja.

Kinachoshtua ni kelele. Mlango wenyewe una bawaba upande wa mbele, kwa hiyo upepo hauuachi upanuke. Unabaki na upenyo wa inchi chache, unatetemeka. Vumbi la sakafuni linakupanda usoni, karatasi zinaruka, mnara huusikii vizuri. Abiria naye anaamini atanyonywa nje kama alivyoona kwenye sinema. Hanyonywi. Ndege hizi hazijazwi hewa kama zile kubwa zinazopita futi 30,000, hakuna tofauti kubwa ya shinikizo kati ya ndani na nje, na mkanda umemshika.

Ndege inaruka na mlango wazi. Inapoteza mwendo kidogo, basi. Ajali zinazoanzia kwenye mlango hufuata njia moja: rubani anageuka kuushika, mkono uliobaki unavuta usukani bila mwenyewe kujua, mwendo unashuka. Au anakata kona kali akiwa chini ili awahi kurudi uwanjani, bawa linaacha kubeba, na hakuna kimo cha kuiokoa ndege.

Kwa hiyo uamuzi naufanya kabla sijaanza kukimbia. Mlango ukifunguka magurudumu yakiwa bado ardhini na njia iliyobaki inatosha, nakata nguvu ya injini, nakanyaga breki, yameisha. Tukishaondoka ardhini, nauacha kama ulivyo. Macho mbele, pua mahali pake, mwendo wa kupandia uleule, hadi kimo cha kuzunguka uwanja. Hapo ndipo naongea na mnara, na kwa maneno machache: mlango umefunguka, ndege iko sawa, naomba kurudi kutua. Mzunguko naufanya mpana kuliko kawaida na kona zangu zinakuwa za taratibu. Kasi ya kutua haibadiliki, isipokuwa kitabu cha ndege kiseme vingine.

Siku moja nilikuwa nimempakia mama mmoja mtu mzima kiti cha kulia. Pindo la kanga yake lilibanwa kwenye mlango, chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki kirahisi, na komeo halikuingia sawasawa. Tulipofika kama futi 300, mlango ukaachia na pindo likaanza kuchapa kioo cha dirisha.

“Mwanangu, mlango huu!” Mkono wake tayari uko kwenye kitasa. “Niuvute?”

“Usiuvute, mama. Weka mikono mapajani. Tunarudi, tunaufunga chini.”

Akaiweka mikono, akaanza kusali kwa sauti. Nilimwacha asali, maana mtu anayesali havuti vitasa. Kanga ilirudi na pindo lililochanika nyuzi, na mama akanidai nyingine kwa utani mpaka tulipoachana.

Kanga ina nafuu, kwa sababu ni kitambaa. Mkanda wa kiti ukibaki nje, kile chuma chake kinagonga ubavu wa ndege mfululizo kama nyundo, na rubani mgeni huapa kuwa injini inapasuka. Ukisikia mlio huo, tazama geji za injini kabla hujafanya lolote. Kama zimetulia, huo ni mkanda.

Kuna watakaouliza kama mlango hauwezi kufungwa hukohuko juu. Kwa 172 unaweza, na kitabu chake kinaeleza: iweke ndege ijisimamie kwenye mwendo wa noti 75 hivi, usukume mlango nje kidogo, kisha uuvute kwa nguvu na kuufunga. Piper zenye mlango mmoja kulia zina makomeo mawili, la ubavuni na la juu, na hilo la juu ndilo linalosahaulika. Huko unapunguza mwendo, unaziba matundu ya hewa, unafungua kidirisha kidogo cha rubani ili hewa ya ndani ipungue, ndipo unafunga la ubavuni, kisha la juu. Mimi hujaribu haya nikiwa na kimo cha kutosha na rubani mwingine pembeni: mmoja anarusha, mmoja anafunga. Nikiwa peke yangu, sijaribu. Kelele ya dakika 10 haijamvunja mtu mbavu.

Cessna 206, punda wetu wa mbugani, ina jambo la ziada. Mlango wake wa mizigo ulio kulia nyuma una swichi inayokata umeme wa flapsi kipande cha mbele kikiwa wazi, kwa kuwa flapsi ikishuka ingekigonga. Ukifunguka angani, usianze kuhangaika na flapsi zisizoshuka ukadhani una hitilafu mbili. Jipange kutua bila flapsi: mwendo mkubwa kiasi, njia ndefu zaidi. Kama unakokwenda ni kiwanja kifupi cha vumbi, chagua kingine. Ndege zenye injini mbili na buti ya mizigo puani zinanitia wasiwasi zaidi, maana begi likitoka huko linaweza kuishia kwenye propela.

Ukitua, zima injini kwanza ndipo mtu yeyote aguse mlango. Halafu uangalie: komeo limelika? Bawaba imelegea? Mpira wa ukingoni umejikunja? Mlango uliofungwa vizuri, ukasukumwa kwa bega, na bado ukafunguka, abiria hana kosa. Uandike kwenye kitabu cha hitilafu siku hiyohiyo, na ndege isubiri fundi.